Kutibu na Kutibua

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Katika sebule ya nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, imo bahari ya aina hiyo, ila kifuu chake ni cha kioo: urefu wake sentimita 120, upana 40 na kina 45. Likijazwa hadi ukingoni, tangi hilo huchukua lita 216 za maji ya chumvi. Mwaka 2024 ulipoanza, mlikuwamo samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mstari mweupe mgongoni, kitatange mmoja mwenye milia, kamba mdogo mwenye masharubu marefu kuliko mwili wake, konokono wachache, na mawe ya matumbawe yaliyopangwa mfano wa pango. Mwenye tangi alikuwa mzee wa miaka 68. Pamoja naye aliishi mpwa wake, binti aliyekuwa akisomea ualimu wa Kemia na Biolojia.

Msomaji asiyekuwa wa Pwani huenda asijue kwamba samaki wa bahari ya Kenya hawaishii wote chunguni. Wapo wanaokamatwa wakiwa hai, wakatiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, wakasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, huko wakawe pambo la sebule za watu. Kazi ya kuwakamata ni ya wapiga mbizi, nao hulipwa kwa idadi ya samaki. Mzee huyu aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Sifa yake miongoni mwa wenziwe haikuwa pumzi, maana wenye pumzi walikuwa wengi. Sifa yake ilikuwa jicho. Alikuwa na uwezo wa kuona samaki wa ukubwa wa kucha ya gumba ndani ya ufa wa tumbawe, ambako wengine waliona kiza tu. Alipostaafu, magoti yakiwa yamekwisha kumsaliti, alijitengenezea tangi lake, na kila jioni alilikalia mbele kama wengine wanavyoikalia televisheni.

Ilikuwa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, alipoanza kulalamika kwamba maji ya tangi yana ukungu. Mpwa wake aliinama, akatazama, akayaona maji safi kiasi cha kuhesabika miguu ya kamba. Hata hivyo, nani angembishia mpiga mbizi wa miaka 20 juu ya habari ya maji? Binti alijibu kwa adabu tu kwamba huenda ni kivuli cha dirisha. Mzee hakuridhika. Sponji ya kichujio, ambayo awali ilisafishwa mara moja kwa mwezi, sasa ikawa inaoshwa kila Ijumaa. Mawe yakatolewa, yakasuguliwa kwa brashi. Maji nayo yakabadilishwa nusu kwa nusu, wakati ambapo sehemu moja kwa tano ingetosha. Kila alipomaliza kazi hiyo alirudi kitini, akakaza macho, akatikisa kichwa.

Lugha ya Kiswahili ina vitenzi viwili vinavyokaribiana mno kwa sauti, navyo ni tibu na tibua. Mwanafunzi wa mofolojia mwenye pupa angeweza kudhani kwamba cha pili ni kauli ya kutendua ya kile cha kwanza, kama ilivyo kwa ziba na zibua. Sivyo. Tibu kimetoka katika Kiarabu pamoja na jamaa zake tabibu na matibabu. Tibua hakina nasaba nacho, na kufanana kwao ni sadfa tu. Lakini sadfa nyingine hukaribia kuwa kejeli, kwa kuwa katika miezi ile mzee alidhani anatibu, kumbe anatibua.

Jambo jingine la lugha lilipita siku zile bila kutiliwa maanani. Mzee hakusema hata mara moja kwamba maji yametibuka. Neno lake lilikuwa ukungu, na mara mojamoja utando. Maji yaliyotibuka yana mtibuaji: kuna kitu kilichokuwa kimetulia chini kikavurugwa, kikapanda juu. Ukungu hauko hivyo. Ukungu hutanda baina ya anayetazama na kinachotazamwa. Aliyeishi na maneno haya tangu utotoni hayachanganyi ovyo, na laiti mtu angemsikiliza kwa makini mwezi wa Februari, huenda yaliyofuata yasingalitokea.

Masika ya mwaka 2024 yalikuja na mafuriko yaliyoisumbua nchi nzima. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, binti aliposhuka kutoka ghorofani, alilikuta tangi limegeuka jeupe. Hayakuwa maji ya matope. Yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele, na jiwe lililo nyuma ya tangi halikuonekana kabisa. Samaki wale wawili walikuwa juu kabisa wakitweta, mashavu yakifunguka na kufumba kwa kasi. Kitatange alijiegemeza pembeni, karibu na bomba la pampu.

"Shikamuu, Mjomba."

"Marahaba. Umeyaona? Si niliwaambia?"

Katika sauti yake mlikuwa na furaha, jambo lililomshangaza binti. Kwa muda wa miezi mitatu mzee alikuwa ameona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona, na sasa nyumba nzima ililiona. Akaagiza maji yote yamwagwe, tangi lisuguliwe, mawe yachemshwe, kila kitu kianze upya. Binti alimwomba ampe muda mpaka adhuhuri.

"Mjomba, tukimwaga yote tutakuwa tumemtibu mgonjwa kwa kumzika."

Kuna makosa yanayofanywa na karibu kila mfugaji wa samaki maji yanapoharibika. Yeye hukimbilia dawa kabla ya kuuliza weupe ule ni wa nini, ilhali sababu ni nyingi na kila moja ina njia yake. Yako maji yanayochafuka kwa mchanga au tope, na hayo hayahitaji ila subira na kichujio. Yako yanayogeuka kijani kwa sababu ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaostawi penye mwanga mwingi na mabaki ya chakula. Wakati mwingine ni viputo vya hewa tu, vidogo mno, vinavyotoka katika pampu iliyoingiza hewa pasipotakiwa. Ukiizima, weupe hutoweka kwa dakika chache. Wapo pia wanaomimina dawa za chokaa kwa wingi ili kuimarisha matumbawe, chokaa ikagandana majini na kuacha unga mweupe juu ya kila kitu. Halafu kuna weupe wa bakteria, ambao ni hatari kuliko wote, kwa kuwa bakteria hao huzaana kwa mamilioni wakila uozo, na katika kula kwao huimaliza oksijeni ambayo samaki wanaitegemea.

Binti alichukua gilasi mbili za kioo, akazijaza maji ya tangi. Moja aliiweka mbele ya karatasi nyeupe. Maji hayakuonyesha ukijani wowote. Mwani ukaondolewa katika orodha ya washukiwa. Ya pili aliiweka juu ya meza, nyuma yake akatundika kanga nyeusi, asiiguse. Kama ni viputo, vingepanda na kuisha mara moja. Havikuisha. Kama ni tope, lingeanza kutua, na kufikia adhuhuri sehemu ya juu ya gilasi ingekuwa imeng'aa. Adhuhuri ilipofika, maji yalikuwa meupe vilevile, juu sawa na chini. Aliyasugua mawe kwa kidole, wala hapakuwa na unga wa chokaa. Halafu akanusa. Mlikuwa na harufu hafifu ya kitu kilichooza.

Mzee alikuwa na dhana yake, nayo haikuwa ya kubeuliwa. Alisema kosa ni la mvua. Kwa desturi, maji ya tangi lake yaliletwa na mvuvi mmoja katika madumu ya lita 20, yakatekwa nje ya mwamba wakati wa bamvua, maji yakiwa yanajaa, kwa sababu wakati huo maji safi ya bahari kuu ndiyo yanayoingia. Maji yanayokupwa hutoka na takataka za mji. Na baada ya mvua kubwa hayatekwi kabisa, kwani mito huwa imemwaga tope lake na chumvi imepungua. Alikuwa na hakika kwamba mvuvi amemdanganya. Maarifa hayo ni sahihi na mtu angefanya vyema kuyaandika. Lakini madumu yaliyotumiwa yalikuwa yameletwa mwezi wa Februari kabla ya mvua, yakahifadhiwa uani gizani, na kipimo cha chumvi kilionyesha 1.025, kama ipasavyo. Mvuvi hakuwa na hatia.

Ilibaki amonia. Mzee alikuwa na kijisanduku cha kupimia: maji kidogo hutiwa katika kichupa, dawa hudondoshwa humo, kisha rangi hulinganishwa na kadi. Manjano maana yake hakuna amonia. Kadiri rangi inavyoelekea kijani, ndivyo sumu inavyozidi, na katika maji ya bahari, ambayo yana uchachu mdogo sana, sumu hiyo ni kali zaidi kuliko katika maji ya mto. Mzee alipima kila wiki bila kukosa na kuyaandika matokeo katika daftari. Binti alilifungua. Manjano, manjano, manjano, ukurasa kwa ukurasa, hadi siku tatu zilizopita.

Akapima mwenyewe. Dakika tano zilipopita, maji ya kichupa yalikuwa kijani.

Hakusema kitu. Alimpa mzee kichupa na kadi, akamwomba amsaidie kusoma. Mzee alisogea dirishani, akakiinua kichupa, akakisogeza karibu, akakisogeza mbali.

"Manjano," akasema. "Salama. Nilikwambia ni tope."

Binti aliingiza mkono ndani ya tangi hadi kiwikoni, akapapasa nyuma ya mawe, mahali ambapo pango linakutana na kioo. Akatoa konzi ya kitu laini cha kijivu. Kilikuwa ni nyama ya kamba iliyokatwakatwa, chakula cha samaki, cha siku nyingi, kimelundikana na kuoza. Hapo ndipo mambo yakafunguka. Mzee hakuwa akiona tena kama samaki wamekula. Alitia chakula, akatazama, asione kitu kikiliwa, akaongeza. Wakati huohuo, kila Ijumaa, sponji ya kichujio ilioshwa kwa maji ya mfereji. Katika sponji hiyo, na juu ya mawe yale yaliyosuguliwa, huishi bakteria wa namna nyingine, wema wa nyumba, ambao huichukua amonia itokayo katika kinyesi na mabaki, wakaigeuza kuwa naitriti, na wenzao wakaigeuza naitriti kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Klorini inayotiwa katika maji ya mfereji ili kuua vijidudu vya maradhi haibagui baina ya adui na rafiki. Kila Ijumaa waliuawa wafagiaji, na kila jioni takataka iliongezwa.

"Mjomba, chakula hiki hukukiona?"

Mzee aliutazama mkono wa mpwa wake kwa muda. Nje, barazani, watu walikuwa wakicheza bao na kubishana.

"Mkono wako pia una ukungu," akasema hatimaye. "Na ile taa ya msikitini, usiku, ina duara kubwa kama mwezi uliozingirwa. Nilidhani wamebadilisha taa."

Hakuna aliyeliendeleza jambo hilo siku ile. Samaki walikuwa wakifa, na hilo ndilo lililoshughulikiwa kwanza. Binti aliondoa uozo wote kwa mpira wa kunyonyea maji, akatoa lita 40 na kurudisha lita 40 kutoka katika madumu ya Februari, akiyatia polepole ili kamba asishtuke. Sponji haikuoshwa, ilisuuzwa mara moja tu katika yale maji yaliyotolewa tangini. Chakula kilisimamishwa kwa siku mbili. Mawe mawili ya kupulizia hewa yaliwekwa pembeni, yakiunguruma usiku na mchana, maana ugonjwa wenyewe huua kwa kukosesha pumzi kabla haujaua kwa sumu.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa nne. Pampu zikanyamaza. Mzee, ambaye tangu mchana alikuwa hajasema mengi, aliagiza aletewe kata jikoni. Akakaa kando ya tangi, akawa anateka maji na kuyamimina kutoka juu, anateka na kumimina, ili yachukue hewa yakianguka. Binti alitaka kumpokea, akakataa. Kazi hiyo haikuhitaji macho. Aliifanya kwa saa mbili na nusu, gizani, akihesabu kwa sauti ya chini kama alivyokuwa akihesabu pumzi zake chini ya maji, na umeme uliporudi, vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyetoka baharini.

Kitatange alikufa alfajiri ya siku ya pili. Paka wa mtaa walikuwa mlangoni kama kawaida yao, lakini mzee hakuwapa. Alimfunga ndani ya jani la mgomba, akampeleka mwenyewe ufuoni, nyuma ya Ngome, akipapasa ukuta wa vichochoro kwa mkono wa kushoto. Waliomwona wakipita walimsalimu. Wengine hakuwaitika mpaka waliposema majina yao.

Maji yalibadilishwa lita 40 kila siku kwa siku tatu. Siku ya nne pango lilianza kuonekana kama kitu kilicho nyuma ya pazia. Siku ya saba weupe ulikuwa umekwisha. Amonia haikuisha upesi hivyo. Ilichukua zaidi ya wiki mbili, kwa sababu bakteria wale wema huzaana taratibu, tofauti na wale wa uozo. Ndani ya vitundu vya mawe, mahali brashi haikufika, walikuwa wamesalia wachache. Katika siku hizo zote samaki walipewa chakula kidogo sana, na binti ndiye aliyekitia.

Kumpeleka mzee kwa tabibu wa macho kulikuwa kazi ngumu zaidi kuliko kuyasafisha maji. Alikuwa amenunua matone dukani, akiyatia kwa siri kwa miezi kadhaa. Alisema uzee ni uzee. Alisema kwamba aliyeona alichokiona yeye katika maisha yake hana haki ya kudai zaidi. Maneno hayo ni mazuri kuyasikia, lakini hayakuwa ya kweli, na mpwa wake alijua kwamba hofu yake ilikuwa moja: kusikia kwamba jicho lile, jicho lililowatia wivu wapiga mbizi wa pwani nzima, limekwisha. Hatimaye alikubali kwenda kwa sharti kwamba watu wa barazani wasijue.

Jibu lilikuwa mtoto wa jicho, katika macho yote mawili. Ndani ya jicho kuna lenzi inayong'aa kama kioo, na kadiri umri unavyosonga, protini zake huweza kugandana na kuifanya iwe na utusitusi, aghalabu ikielekea rangi ya manjano au hudhurungi. Mwanga wa taa hutawanyika ndani yake, ndipo duara zinapoonekana. Ndicho chanzo kikubwa cha upofu duniani, na hakuna tone la dawa linaloweza kukiondoa. Lenzi hutolewa kwa upasuaji na kutiwa nyingine ya kutengenezwa. Mzee aliyasikiliza maelezo hayo yote akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akauliza swali moja tu, kama lenzi hiyo mpya inapita ikasuuzwe kwa maji ya mfereji. Tabibu hakuelewa. Binti alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Jicho la kulia lilipasuliwa mwezi wa Agosti. La kushoto lingesubiri wiki kadhaa. Siku mbili baada ya kufunguliwa kitambaa, mzee aliomba kiti chake kisogezwe mbele ya tangi. Alifunika jicho moja kwa kiganja, akatazama, akaliachia, akafunika la pili. Akarudia hivyo mara nyingi, kimya, mpaka chai iliyowekwa kando yake ikapoa.

"Hili linaona maji," akasema akigusa jicho la kulia. Akaligusa la kushoto. "Hili linaona chai."

Samaki wawili wa rangi ya machungwa walikuja mbele ya kioo, kama walivyozoea kumjia mtu anayewalisha. Mzee aliinama hadi pua yake ikakigusa kioo. Akakunja uso.

"Na huu mwani wote hapa pembeni, nani aliyeuacha ukaota? Hebu nipe brashi."